Bukari ya Mtu Mmoja

Sikuwahi kujifunza kupika bukari, ndio ugali wetu, ya mtu mmoja. Nilipoolewa tulikuwa wawili, tukawa wengi, na sufuria ikakua pamoja nasi. Kisha mume wangu akafa, binti yangu akaolewa Lubumbashi, mwanangu wa kiume akavuka kwenda Zambia kutafuta kazi na habari zake zikapungua hadi zikakoma. Mimi nikabaki jikoni na sufuria ileile na mwiko uleule. Mkono ulikuwa umeshazoea. Nilikuwa najiambia leo nitapunguza unga, lakini nikimaliza kusonga naona ni bukari ya kushibisha nyumba nzima. Nakula matonge yangu machache, halafu nakaa kuitazama iliyobaki ikipoa. Mtu ambaye hajawahi kukaa peke yake mbele ya bukari inayopoa asije kunieleza upweke ni nini.

Hiyo ilikuwa Likasi, miaka ya tisini, kampuni ya madini ilipokuwa inakata roho. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi, nyumba za matofali zilizopangwa mstari, zote sura moja. Zamani king'ora cha kiwanda ndicho kilichotuambia lini tuteleke maji, lini baba wa nyumba anarudi, lini watoto waingie ndani. Kila mwezi ilikuja posho: unga, mafuta, samaki. Kampuni ilitulisha, ilitutibu, ilituzika pia. Ilitulea kupita kiasi, kama mama asiyetaka binti yake aguse moto, na ilipokufa tukagundua kwamba sisi watu wazima hatujui kuishi. Siku king'ora kiliponyamaza, jirani zangu walikuwa wanatoka nje na kutazama angani ili wajue kama ni saa ya kupika.

Mstari wetu ulikuwa umeingia mapengo. Nyumba za mbele yangu zilikuwa za familia zenye asili ya Kasai. Walipofukuzwa kwa kuitwa wageni wa mkoa mwingine, walikaa muda mrefu kwenye kituo cha treni, wakilala juu ya magodoro yao pamoja na kabati na kuku zao, hadi treni zikawachukua. Mmoja wao alikuwa mwenzangu wa kanisani, tuliyezoea kutwanga pamoja sombe, majani ya muhogo. Aliniachia mchi wake. Niliupokea, na hadi leo kila nikiushika mkono unakuwa mzito.

Aliyebaki karibu nami alikuwa jirani wa ng'ambo ya ua, mwanaume wa miaka arobaini hivi, fundi wa chuma. Kiwandani alikuwa anaunga matangi na mabomba. Mke wake alikuwa amechukua watoto na kuwapeleka kwa wazazi wake, kijiji cha wavuvi kwenye ziwa Tshangalele, ambako angalau samaki alipatikana. Yeye hakuwafuata. Kwanza, aliyeacha nyumba ya kambi alirudi kukuta kufuli la mtu mwingine mlangoni. Pili, kuna mambo ya ukwe. Kwetu mkwe mwanaume hatazamani na mama mkwe wake, sembuse kukaa kwake na kulishwa naye kama mtoto. Kwa hiyo alibaki kulinda kuta. Jioni hakukuwa na moshi kwake. Mimi nilikuwa na bukari inayopoa, na hatua chache kutoka hapo alikaa mtu asiyekuwa na kitu cha kupika.

Nilikuwa na sahani za bati zenye mstari wa bluu ukingoni, zawadi ya arusi yangu. Jioni moja nikajaza moja bukari na sombe, nikampa juu ya ua. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na kesho yake akaileta ikiwa na limau ndani. Mara ya pili ilirudi na chumvi kidogo, imefungwa kwenye kipande cha karatasi. Hakuna aliyeshangaa, si mimi wala yeye, maana ndivyo tulivyolelewa: sahani ya jirani huirudishi mikono mitupu. Ukikosa kabisa, unaweka hata jani la kunukiza chai. Mara ya tatu sahani haikurudi.

Nilitumia nyingine, nayo haikurudi. Nikaendelea, nikimwambia imenishinda wingi hata jioni nilizoizidisha makusudi, kwa sababu bukari iliendelea kubaki na kwa sababu, niseme ukweli, hiyo saa ya kwenda kwenye ua ilikuwa saa pekee ya siku nzima ambayo mtu aliniita mama. Sahani zikaisha kabatini. Ya mwisho nilipompa nilikuwa nimeshaanza kula juu ya mfuniko wa sufuria. Na kadiri nilivyompa ndivyo alivyozidi kuwa mbali. Mwanzoni tulikuwa tunaongea kidogo, habari za ziwani, habari za mishahara isiyokuja. Baadaye akawa anapokea bila kuniangalia. Mwishowe akaanza kutokea mlango wa nyuma na kupita njia ya mabomba, njia ndefu yenye matope, ili asipite mbele ya nyumba yangu.

Nilikasirika. Nilikuwa mjane, kazi yangu kuuza unga wa mahindi kwa vikombe sokoni Kikula, natembea kwenda na kurudi, miguu inavimba, na bado namgawia mtu chakula, naye ananikwepa kama mdai. Nilijiambia ana kiburi. Nilijiambia ameziuza sahani zangu. Kisha jioni inafika, nakaa na mfuniko wangu magotini, nasikia kimya cha upande wa pili, na hasira inageuka kitu kingine. Nilikuwa nimempoteza mtu wa mwisho wa kunisalimu, na sikujua nimemkosea nini.

Wakati huo shirika moja la wageni lilikuwa limefika na malori ya unga. Sitaki kulisema vibaya. Unga ule uliokoa watoto ambao niliwaona kwa macho yangu wakiwa na miguu myembamba kama vijiti vya kuwashia moto, na wengine wao leo ni wazazi. Uligawiwa uwanjani, kwenye parokia. Watu walipanga foleni juani, wakaitwa kwa sauti kubwa, wakatia kidole kwenye wino. Jirani yangu hakwenda. Katika kikundi chetu cha mama wa huruma, tuliopewa kazi ya kutafuta wasiofika, nikainua mkono nikasema ninamjua mmoja.

Sisi mama wa parokia hatujui kufanya jambo bila wimbo. Tulivaa vitenge vyetu vya sikukuu, tukaweka gunia kichwani kwa aliyekuwa na shingo imara, tukaingia kambini tukiimba na kupiga makofi, kama watu wanaopeleka bibi arusi. Watu wakatoka milangoni kutazama sherehe inakwenda kwa nani. Tulisimama mbele ya nyumba yake na kuimba ubeti baada ya ubeti, na mimi ndiye niliyekuwa mbele, nikifurahi kwamba sasa ataona tunampenda. Dirisha lilifungwa kutoka ndani. Tukadhani amelala. Tukaliacha gunia kizingitini, tukamshukuru Mungu, tukaondoka.

Mvua ilinyesha usiku ule. Asubuhi gunia lilikuwa palepale, limelowa, na unga wa ndani umegeuka tofali. Wenye njaa walikuwa wamepita mbele yake na hakuna aliyeligusa, kwa sababu kila mtu alikuwa ameambiwa kwa nyimbo kwamba ni la nani.

Nilikwenda kuliondoa, maana aibu ilikuwa imeanza kuniingia. Yeye hakuwepo. Nilipoinama kulivuta nikaona ndani kupitia dirisha, ambalo upepo ulikuwa umelifungua. Kulikuwa na meza na kiti kimoja. Juu ya meza zilikuwa sahani zangu zote, zimeoshwa hadi zinang'aa, zimepangwa moja juu ya nyingine, na juu yake kitambaa safi dhidi ya vumbi. Nilishika gunia langu la tofali nikasimama pale. Ziko tayari kurudi tangu siku nyingi, nilifikiri. Zinangoja kitu cha kuwekwa ndani. Hakuwa na limau tena, wala chumvi, wala jani, na mimi kila jioni nilikuwa namwongezea sahani nyingine ya kushindwa kurudisha. Mimi niliyelelewa na desturi ileile nilikuwa nimeisahau, kwa sababu mwenye kutoa anasahau haraka.

Nilitafakari siku kadhaa. Kuacha kumpelekea chakula ningekuwa namwua. Kuendelea ningekuwa namfukuza. Mbabula yangu, jiko la makaa, ilikuwa ya zamani, imeanza kuliwa na kutu kwenye sakafu yake, lakini bado ilikuwa inafaa kwa msimu mwingine. Nikachukua msumari na jiwe, nikakaa nyuma ya nyumba, nikapiga pale penye kutu hadi pakatoboka, kisha nikapanua. Makaa yangeanguka chini yote. Nikaibeba hadi kwenye ua, nikamwita. Alichelewa kutoka. Alisimama mbali, akiangalia chini.

"Papa," nilisema, "mbabula yangu imetoboka. Siko na mwingine wa kuomba. Bila mbabula sitapika. Utanitengenezea?"

Aliitazama mbabula, hakunitazama mimi.

"Leta," alisema.

Sijui kama naweza kueleza sauti ya nyundo ilivyokuwa siku ile. Kambi nzima ilikuwa kimya tangu king'ora kife, na sasa kutoka nyuma ya ua kulikuja mlio wa chuma, wa mtu anayejua anachofanya. Nilikaa kizingitini nikisikiliza, bila kupika, bila kwenda sokoni. Jioni aliniletea mwenyewe, kwa njia ya mbele. Alikuwa ameweka sakafu mpya iliyokatwa kutoka kwenye pipa, yenye matundu yaliyopangwa vizuri, na mikono miwili ya kubebea ambayo sikuiomba. Nikapika. Nikamjazia bukari kwenye mfuniko wa sufuria, nikampa, nikamwambia hii ni ya kazi. Akala akiwa amesimama palepale, na tukaongea habari za ziwani.

Jirani mwingine aliiona mbabula, akaleta yake. Halafu wakaja watu wa Kikula. Alikuwa anakusanya mapipa yaliyotupwa na mabati ya paa zilizoanguka, na kila mbabula iliyotoka mikononi mwake ilikuwa na mikono ile miwili. Yule mgeni wa shirika, kijana mwenye heshima aliyekuwa anatokwa jasho kuliko sisi sote, alikuja kwenye mkutano wa parokia kutuambia kwamba wataanza kupikia watoto wadogo uji kule Kikula, na majiko makubwa yanangojwa kutoka mbali. Nikasimama. Nikasema majiko yako hapa, karibu na nyumba yangu, mtu wa kuyatengeneza ana njaa, na mkimnunulia yeye mtakuwa mmelisha watoto mara mbili. Padri akatafsiri kwa Kifaransa. Kijana akaomba kuonyeshwa. Sifa kubwa ninayompa hadi leo ni kwamba alikwenda kwa miguu, bila wimbo, akabisha hodi, akauliza kama fundi ana nafasi ya kufanya kazi yake.

Sasa mimi ni mzee, na kila Kwaresima wanapokusanya vitu kwa ajili ya maskini, vijana wa parokia huja kuniuliza mtu asaidiwe vipi, yule wa karibu na yule wa nchi ambazo hatutaziona. Wanataka nitaje vitu: unga, nguo, dawa. Nawaambia penye mtoto anayekufa peleka unga leo, hakuna la kujadili. Lakini kesho yake rudi, na kabla hujafungua mfuko wako tazama mikono ya yule mtu inajua nini, kisha umwombe hicho, umlipe. Nunua kwake kabla ya kununua mbali. Wengine wanaitikia kwa kichwa kwa adabu na kwenda kutafuta magunia. Siwalaumu, gunia linaonekana na linabebeka kwa nyimbo.

Kiangazi cha mwaka ule kilipofika mke wa fundi alirudi na watoto. Kesho yake asubuhi alikuja kwangu na rundo la sahani kichwani, zote, na juu ya kila moja samaki mkavu wa Tshangalele. Alisema bwana yake amemkataza kuzileta kabla samaki hawajafika. Tulicheka sana, sisi wawili, nikazipanga kabatini. Ningependa kuishia hapo, kwa sababu hapo nilikuwa mwema na mambo yalikuwa mazuri.

Lakini tangu siku ile nilisikia jioni zao. Watoto wakigombana, mama akiwaita, sufuria ikikwaruzwa. Hawakuhitaji bukari yangu tena. Nilifurahi kwa ajili yao na usiku nililia kwa ajili yangu, na vyote viwili vilikuwa vya kweli. Nilirudi kukaa mbele ya chakula kinachopoa, safari hii kikiwa kwenye sahani yenye mstari wa bluu.

Masika yaliyofuata malaria ilinishika ikakataa kuniachia. Mtaji wangu wa unga niliula kwa vikombe vilevile nilivyokuwa nauzia. Nilipoweza kuamka sikuwa na cha kupeleka sokoni wala cha kutia kwenye sufuria. Mke wa fundi alijua, sijui nani alimwambia, labda ukosefu wa moshi. Akawa analeta chakula jioni, bukari na lengalenga, mchicha wetu, kwenye sahani yake ya kijani. Ya kwanza niliirudisha na limau la mwisho. Ya pili nilitafuta nyumba nzima. Nilifungua makopo, nikapekua nyuma ya kabati, na sikuona hata chumvi. Nikaiosha, nikaiweka mezani. Alipokuja na nyingine nilipokea bila kumwangalia usoni. Iliyofuata nilijifanya nimelala, naye akaiacha kizingitini, imefunikwa.

Ndipo nilipoelewa kwa mwili kile nilichokuwa nimeelewa kwa kichwa tu. Ni uchungu wa ajabu. Chakula kinaingia na unashiba, na kila tonge linakusogeza mbali na watu. Nilifunga mlango wa mbele. Nilianza kupita nyuma kwenda chooni ili nisionekane kutoka kwenye ua wao. Nilikuwa nasikia nyundo yake tangu asubuhi hadi jua linapokaa juu ya kichwa, na sauti niliyoipenda sasa ilikuwa inanisuta.

Siku moja nyundo ilipiga asubuhi yote bila kupumzika, kisha ikanyamaza ghafla. Nikasikia ananiita kwenye ua. Sikutoka. Akaita tena, na tena, kwa utulivu wa mtu asiye na haraka. Nikajikokota hadi nje, nimejifunga kitenge mabegani, nikasimama mbali na kuangalia chini.

"Mama," alisema, "nyundo yangu imevunjika mupini. Kazi imesimama. Hauko na mupini hapo kwako?"

Nyuma ya mlango wangu kulikuwa na shoka la marehemu mume wangu, halijaguswa tangu azikwe. Mpini wake alikuwa ameuchonga mwenyewe kwa mti mgumu wa porini, ukalainishwa na mikono yake. Nililigonga shoka kwenye sakafu kwa nguvu zangu ndogo hadi kichwa kikachomoka. Nilipokuwa naenda nikaziona zile sahani za kijani mezani. Nikazichukua, nikalaza mpini juu yake, nikazibeba hivyo hadi kwenye ua.

Alipokea kwa mikono miwili. Akautazama mpini, akaupitisha kidole, akasema ni mti mzuri, mtu aliyeuchonga alikuwa fundi. Kumsikia mtu akimsifu mume wangu, baada ya miaka yote ile, kulinifanya nishike ua. Chini, nyuma ya mguu wake, niliiona nyundo. Ilikuwa na mpini wake, mzima, mweusi kwa jasho la asubuhi ile.

Aliona kwamba nimeona. Hakuificha.

"Mama," alisema polepole, "ile tobo ya mbabula yako ilikuwa ya musumari."

Nilimwuliza alijua lini. Akasema alijua palepale, kabla hajaibeba, kwa sababu kutu haitoboi duara.

"Sasa juu ya nini ulinyamaza?"

"Weye ulikuwa umepiga ile tobo kwa ajili yangu, mama. Miye ningesema nini?"

Kisha akaniambia kwamba mke wake anasonga bukari na imemshinda wingi, watoto hawaimalizi, niende nikawasaidie kula. Nilifahamu uongo huo. Nilikuwa nimeutumia mwenyewe, jioni nyingi, juu ya ua uleule. Nikarudi ndani kuchukua sahani yangu.